Kidonda cha Ukumbusho: Kazi ya Kaye na Kalamu

Katika masomo mengine ya kitabu hiki tulijifunza habari za kuhara, za minyoo, na za kuosha kidonda. Leo tutajifunza habari za kidonda kingine. Hakitoi damu wala usaha, na munganga akiweka chombo chake kifuani pako hatakisikia. Hata hivyo watu wengi sana katika inchi yetu wanakaa nacho.

Mama mmoja alikuja kwetu kwa sababu ya kuumwa kichwa na tumbo. Alikuja mara nne katika miezi miwili. Tulipima damu, hakuna malaria. Tulipima choo, tukaona minyoo kidogo, tukampa dawa. Akarudi tena. Mara ya tano alikuwa akingoja nje kwenye benchi, na mtu wa jikoni akaangusha kifuniko cha sufuria juu ya simenti. Mara ile ile mama yule akajitupa chini na kufunika kichwa cha mtoto wake kwa mikono miwili. Watu wengine wakacheka. Nilimwinua; nguo zake zilikuwa zimelowa jasho. Nikamwuliza, "Mama, unaogopa nini?" Akanijibu, "Munganga, mimi siogopi kitu. Mwili ndio unaogopa."

Alinieleza kwa maneno machache: usiku mmoja watu wenye silaha walikuja kijijini kwao, na mama yake mzazi akauawa. Hakutaka kusema zaidi. Nami nikamwambia neno ambalo sisi sote tunawaambia watu wa namna hiyo: "Sahau, Mama. Mambo yale yamepita." Nilikosa. Sikumwambia hivyo kwa ubaya, lakini nilikosa, na somo hili ni kwa ajili ya wale ambao nao wameambiwa vile.

Ugonjwa huu ni nini?

Mtu aliyepatwa na jambo la kutisha sana, kama vita, kuchomewa nyumba, kubakwa, kuona mtu wa jamaa akiuawa, ajali ya motokari au ya mtumbwi, anaweza kutikisika moyo siku nyingi. Hilo peke yake si ugonjwa. Kwa watu wengi kutikisika huko kunapungua pole pole, wakiwa pamoja na watu wao na kupata chakula na mahali salama pa kulala. Lakini kwa wengine hakupungui. Ukipita mwezi mmoja na mambo yangali vile vile, ni vema kufikiri ya kuwa pana ugonjwa.

Dalili zake ni hizi. Jambo lile linarudi bila kuitwa, usiku kwa ndoto na mchana kwa ghafula. Si kwamba mgonjwa analikumbuka tu. Anaona kana kwamba linatendeka tena sasa, pamoja na harufu yake na sauti zake. Tena anakimbia kila kitu kinachofanana nalo. Hapiti njia ile, hapiki chakula kilichokuwa motoni siku ile, hataki kusikia jina la kijiji kikitajwa. Moyo wake unapoa hata kwa watoto wake mwenyewe, naye anajihukumu akisema, "Ni mimi niliyekosa." Mwili nao hautaki kupumzika: usingizi hauji, anashtuka upesi, anakasirika kwa neno dogo. Wanaume wengi wanaficha mambo haya ndani ya kasiksi au lutuku, na jamaa wanafikiri ya kuwa pombe ndiyo ugonjwa.

Waganga wanauita ugonjwa wa kiwewe. Mjini utasikia watu wakisema tromatisme. Uliandikwa kwa jina lake katika kitabu cha magonjwa cha waganga wa akili wa Marekani mwaka wa 1980, lakini ulikuwapo zamani. Wazee wetu waliokimbilia msituni katika maasi ya 1964 waliujua bila jina. Waliopita katika vita vya Ituri kuanzia 1999, na watu wa Beni tangu 2014, wanaujua pia.

Si laana, wala kulogwa, wala alama ya mtu asiye na imani. Neno hili nalisema kwa nguvu, kwa sababu tumepokea wagonjwa waliofungiwa chumbani na kunyimwa chakula siku nyingi ili pepo awatoke. Mwombeeni mgonjwa, ndiyo. Lakini mpeni chakula, na msimzuie kuja hospitali.

Kwa nini neno "sahau" si dawa

Tazama mtu aliyekatwa na panga shambani. Ikiwa mwuguzi atashona kidonda upesi, na udongo ungali ndani, kwa nje kitaonekana kizuri. Siku ya tatu kitavimba. Siku ya tano sharti kifunguliwe tena, na udongo utolewe kidogo kidogo, ijapo mgonjwa analia. Ukumbusho wa kutisha unafanana na kidonda hicho. Kila mara mgonjwa anapojilazimisha kusahau, anashona juu ya udongo.

Kuna jambo jingine la kufahamu. Ukumbusho wa kawaida unajua saa yake na mahali pake. Ukikumbuka arusi ya ndugu yako, unajua ilikuwa mwaka fulani, nawe hufikiri ya kuwa unakula wali wa arusi sasa. Lakini hofu ikiwa kubwa mno, ukumbusho unawekwa vipande vipande, kama kurasa za kaye zilizopeperushwa na upepo: hapa harufu ya moshi, pale sauti ya mbwa, pale mkono wa mtu. Vipande hivyo havina tarehe. Kwa hiyo sufuria ikianguka leo, mwili unasema, "Ndiyo wale wale, wamefika!" Kazi ya kuponya ni kuokota kurasa zile, kuzipanga tangu ya kwanza hata ya mwisho, na kuandika juu yake: hii ilikuwa siku ile, mahali pale, na sasa imekwisha. Kwa kazi hiyo kalamu inafaa sana, maana mkono unaoandika hauwezi kukimbia haraka kama mawazo.

Namna jambo hili lilivyojaribiwa

Mwaka wa 1986 mwalimu mmoja wa Texas katika Marekani, jina lake James Pennebaker, pamoja na mwenzake Sandra Beall, walitangaza habari ya wanafunzi walioandika dakika 15 kila siku kwa siku nne. Wengine waliandika mambo madogo yasiyo na uzito. Wengine waliandika jambo baya kuliko yote yaliyowapata, pamoja na yale waliyoyaona moyoni. Siku zile za kuandika, hao wa pili walihuzunika zaidi. Lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa munganga mara chache kuliko wenzao.

Hao walikuwa wanafunzi wenye afya. Je, mgonjwa kweli? Waganga wawili wa Boston, Denise Sloan na Brian Marx, walitengeneza matibabu ya kuandika ya vikao vitano tu. Mwaka wa 2018 walitangaza matokeo ya wagonjwa 126. Nusu yao walipewa vikao hivyo vitano vya kuandika. Nusu ya pili walipewa matibabu mengine ya mazungumzo, yanayojulikana kuwa mazuri, ya vikao 12. Matibabu mafupi hayakushindwa na yale marefu. Tena, kati ya watu 63 walioandika, 4 tu waliacha katikati. Katika kundi la pili waliacha 25. Sisi tunaofanya kazi vijijini tunafahamu maana ya hesabu hiyo. Mgonjwa anayetembea saa sita kwa miguu hawezi kuja mara 12.

Lakini usifikiri ya kuwa ni kama dawa ya malaria, unameza siku tatu halafu basi. Kuna wanaoandika na bado wanahitaji msaada mwingine. Na mtu mwenye huzuni ndogo anayeandika peke yake nyumbani atapata faida ndogo. Hilo nalo si neno la kudharau.

Namna ya kufanya

Mgonjwa anakuja mara moja kwa juma, kwa muda wa majuma matano. Anapewa chumba ambacho watu hawapiti, meza, kartasi na biki. Msaidizi aliyefundishwa anamweleza ugonjwa, kama nilivyoeleza hapa juu, kisha anamwachia dakika 30 aandike. Hasimami nyuma yake akitazama. Dakika zikitimia anarudi na kumwuliza, "Kazi ilikuwaje?" Wanazungumza kidogo, ndipo msaidizi anachukua kartasi ili aisome kabla ya kikao kingine. Juma lijalo mgonjwa anaandika jambo lile lile tena. Siyo jipya, ni lile lile. Watu wengi wanashangaa hapo. Lakini hofu haipungui kwa kupita karibu nayo mara moja. Inapungua kwa kurudi, na kurudi, mpaka mwili uone ya kuwa ukumbusho hauumi kama panga.

Lugha ni ile ya moyo wako: Kiswahili, Kinande, Mashi, Lingala, yo yote. Makosa ya kuandika hayahesabiwi, maana hapa si shuleni.

Sasa sikiliza neno ambalo watu wa kanisa wanakosea mara nyingi. Tumezoea kutoa ushuhuda. Mtu anasimama na kusema, "Vita vilikuja, tuliteseka sana, Mungu akatuokoa, nasi tupo." Ni ushuhuda mzuri, nami siukatazi. Lakini kwa kazi hii haufai, kwa sababu umeruka kutoka mwanzo hata mwisho, na kidonda kimebaki katikati. Andika hivi: "Ilikuwa Jumanne, kabla ya mapambazuko. Nilikuwa nikichochea moto. Mbwa wa jirani alilia mara mbili, kisha akanyamaza. Mikono yangu ilikuwa na unga." Andika uliloona, ulilosikia, harufu uliyosikia, ulilofikiri saa ile, na mwili wako ulivyokuwa. Ukifika mahali pabaya kuliko pote, usiruke, punguza mwendo. Katika vikao vya mwisho utaandika pia namna jambo hili lilivyogeuza maisha yako, na namna unavyotaka kuendelea.

Nilipofundishwa kazi hii baadaye, nilimtafuta mama yule wa kifuniko cha sufuria na kumwomba anisamehe. Alikuwa amesoma hata darasa la sita, akajua kuandika vizuri. Siku ya kwanza aliandika mistari sita, akalia, akakaa. Siku ya pili alijaza kurasa mbili, na usiku ule hakulala. Alikuja asubuhi kunigombeza. Nilimwambia ya kuwa hilo ni desturi, kidonda kinauma siku ya kuoshwa. Siku ya tatu aliandika mpaka dakika zikapita, kisha akaniita mwenyewe. Miaka yote alikuwa akijihukumu ya kuwa alimwacha mama yake na kukimbia na mtoto. Sasa, alipokuwa akiandika habari ya mlango, akakumbuka ya kuwa mama yake alimsukuma kwa mkono akisema, "Chukua mtoto, nenda." Alikuwa amelisahau neno lile kabisa. Hofu ilikuwa imelifunika.

Sikumwambia mimi neno hilo, wala nisingaliweza kulijua. Lilikuwa ndani ya habari yake, katika sehemu ile aliyokuwa akiiruka.

Na asiyejua kuandika?

Baba na mama wengi hawakupata shule. Wasifikiri ya kuwa wamefungiwa mlango. Kuna matibabu mengine, yaliyotengenezwa na waganga wa mji wa Konstanz katika Ujerumani, ambayo msaidizi ndiye anayeandika. Kwanza mgonjwa anatandika kamba chini, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Juu ya kamba anaweka ua mahali pa furaha, na jiwe mahali pa huzuni: ua kwa siku ya arusi, jiwe kwa siku ya kukimbia. Halafu anasimulia kwa taratibu, kikao kwa kikao, na msaidizi anauliza na kuandika. Kikao kingine kikianza, anamsomea yale yaliyoandikwa, na mgonjwa anasahihisha: "Hapana, mvua ilikuwa bado." Mwishoni habari yote inasomwa, na mgonjwa anapewa iwe mali yake.

Matibabu haya yalijaribiwa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ambako watu wengi wa Kongo wanakaa leo. Wasaidizi hawakuwa waganga. Walikuwa wakimbizi wenyewe waliofundishwa. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2008. Miezi kadhaa baada ya vikao, wagonjwa 70 kwa kila 100 waliotibiwa hivyo hawakuwa tena na ugonjwa. Kati ya wale waliosubiri bila matibabu, walikuwa 37 kwa 100. Mashauri ya kawaida ya mazungumzo nayo yalisaidia karibu sawa, 65 kwa 100, ila wengi zaidi waliyaacha kabla ya mwisho.

Hapa kwetu mashariki ya Kongo pia, wanawake 405 waliopatwa na jeuri ya kubakwa, au walioishuhudia, waliingia katika jaribio lililotangazwa mwaka wa 2013. Matibabu yaliyotumiwa yana kazi nyingi za kartasi katika inchi nyingine. Lakini kwa kuwa wengi wa mama hao hawakujua kusoma, masomo yalirahisishwa ili wayashike kwa moyo, nao walikutana kwa makundi. Miezi sita baadaye, waliobaki na alama za huzuni nzito au wasiwasi walikuwa 9 kwa 100; katika vijiji vilivyopewa msaada wa kawaida, 42 kwa 100. Kwa hiyo kartasi ni chombo tu.

Mambo ya kuangalia

Usimlazimishe mtu kusimulia au kuandika siku zile za kwanza baada ya msiba. Siku hizo anahitaji maji, chakula, blanketi, na mtu wa kukaa naye. Aliyebakwa aje hospitali upesi, kabla ya masaa 72 kupita, apate dawa za kuzuia SIDA. Na akichelewa, aje tu, kuna dawa nyingine na msaada mwingine. Hatutamwuliza kwanza habari nyingi.

Usinunue vidonge vya usingizi sokoni. Shirika la Afya la Ulimwengu, ambalo tunaliita OMS, lilionya mwaka wa 2013 ya kuwa dawa za namna ya diazepamu zisitolewe kwa kutuliza kiwewe katika mwezi wa kwanza. Zinalaza mwili, na ni ngumu kuziacha.

Ikiwa mtu anawaza kujiua, au anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, au anakunywa pombe tangu asubuhi, asianze kuandika peke yake nyumbani. Aletwe kwanza. Na wewe unayejaribu mwenyewe kwa jambo dogo: ukiona ya kuwa kuandika kunakushinda, acha, funga kaye, nenda ukakae na watu. Hakuna adhabu.

Sasa neno la kartasi zenyewe. Katika inchi zenye amani kartasi inawekwa tu katika sanduku. Kwetu, kartasi yenye majina ya watu inaweza kumletea mtu taabu njiani au nyumbani. Kwa hiyo usiandike majina ya waliotenda, andika alama. Usiitembeze mfukoni. Mume asisome kaye ya mke wake bila ruhusa, wala mchungaji asiombe kuiona, wala isisomwe mbele ya kanisa, hata kama habari ni ya ajabu. Hospitalini inafungwa kwa ufunguo, na kazi ikiisha mwenyewe anaamua: kuibeba, kutuachia, au kuichoma.

Mama yule alichoma zake katika mbabula ya nyumba ya wagonjwa, moja moja, isipokuwa ukurasa mmoja wenye neno la mama yake. Huo aliukunja na kuuweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Alinionyesha pia ya kuwa mstari wa mwisho alikuwa ameandika tarehe.

Mwezi uliofuata alirudi kwetu akiumwa kichwa. Nilishtuka kidogo. Tulipima damu, na safari hii ilikuwa malaria kweli.